Inchi Arobaini na Tatu za Mjomba

Niseme la aibu kwanza, nisije nikalificha baadaye: hata mimi nilimshuku. Dada yangu wa tumbo moja, tunalala chumba kimoja, tunagawana chaja moja. Alhamisi ile Mjomba alipotuonyesha video, nilimtazama pale kwenye kioo nikasema moyoni, aah, kumbe.

Ngoja niwapange. Mjomba ni fundi cherehani. Karakana yake ni chumba kimoja kirefu kinachotazama barabara: mbele kaunta, katikati meza ya kukatia, kushoto cherehani tatu, na mwisho kabisa meza ya pasi, ufalme wa Mvuke. Mvuke ni mpiga pasi wetu. Jina lake halisi tulishalisahau, nadhani hata yeye. Mimi kazi yangu ni vifungo, pindo, na simu: kila nguo ikiisha naipiga picha, naiweka kwenye ukurasa wetu, wateja wanaulizia. Kwa hiyo simu kutotoka mkononi ni kazi, si uvivu kama Mjomba anavyonitangaza.

Dada alikuwa mwaka wa tatu wa kujifunza, na mwezi ule alikuwa ameahidiwa mkasi. Hapa lazima nieleze. Kwetu kushona anashona yeyote, ila kukata kitambaa cha mteja ni Mjomba peke yake, na ule mkasi wake mkubwa mweusi hakuna anayeugusa, hata kukatia uzi. Siku akikupa, ndiyo umekuwa fundi. Dada aliisubiri siku hiyo mpaka akawa anaota anakata, mkono unafungua na kufunga juu ya shuka, mimi namwangalia tu.

Sasa, gauni. Kuna bibi harusi alituletea lesi nyeupe aliyoachiwa na marehemu mama yake. Moja tu, haipo tena popote, hata duka lililoiuza lilishafungwa. Mjomba aliikata mwenyewe akiwa amebana pumzi, Dada akaishona, mimi nikaweka vifungo ishirini na viwili mgongoni. Mwenyewe angekuja kulichukua Jumamosi asubuhi. Alhamisi asubuhi tunafungua, gauni halipo. Hanga lake linaning'inia tupu kwenye bomba la nguo zilizokamilika.

Tulipekua kila mahali, mpaka ndani ya gunia la vipande. Mvuke aliapa hajalitia mkono tangu alipolipiga pasi. Mjomba akafuta miwani, akaenda kukaa mbele ya TV.

Hiyo TV ndiyo mkosaji wa hadithi, kwa hiyo muijue vizuri. Tuna kamera moja juu ya mlango wa mbele, inatazama ndani, Mjomba aliiweka baada ya mteja mmoja kudai tumempotezea suruali ambayo hakuileta kabisa. Kamera inarekodi kwenye kompyuta ya zamani iliyo chini ya kaunta. Kioo cha hiyo kompyuta, kile cha mraba, kilikufa, basi Mjomba akang'oa TV ya inchi arobaini na tatu ya sebuleni kwake, akaipigilia ukutani, akachomeka waya. Picha ikatoka na ukungu, maandishi yananenepa kama yamelowekwa, mshale wa mausi ukishuka chini unazama na hauonekani tena. Kuzima kompyuta tulikuwa tunachomoa umeme. Lakini ilionyesha, na sisi tukazoea.

Mjomba akafungua programu ya kamera. Kila siku ina rekodi yake, nayo haina tarehe, ina namba tu, zimepangwa kwenda chini. Akashuka mpaka ya mwisho: 216. Akasema hii ndiyo ya jana, Jumatano. Tukajipanga nyuma yake. Karakana ikaonekana, watu wanakwenda na kurudi, na saa ya mchana Dada akapita katikati ya picha na aproni yake, amekumbatia bunda jeupe limefungwa vizuri, akatoka mlangoni. Hakugeuka.

Dada akasema yale ni mapazia. Mapazia ya zahanati, aliyapeleka Jumatatu kwa kutumwa na Mjomba mwenyewe.

"Jumatatu ulipeleka mapazia, najua, nilikutuma mimi," Mjomba akasema polepole. "Hii ni Jumatano. Jumatano nani alikutuma?"

Dada akanitazama mimi. Nami nikaangalia simu.

Kwa nini niliangalia simu? Kwa sababu siku mbili kabla, natandika kitanda, nilikuta chini ya mto wake kipande cha lesi nyeupe, kikubwa kama leso. Sikumuuliza. Nilikirudisha. Na wiki hiyo alikuwa akipokea simu anatoka nje kuzungumza, akirudi anasema alikuwa rafiki. Basi video ilipokuja, kichwa changu kilikuwa kimeshajiandalia hukumu.

Mjomba hakupiga kelele. Alimwambia avue aproni, aende nyumbani, na Jumamosi bibi harusi akija bila gauni kupatikana, asirudi tena. Mkasi aliuchukua tu mezani akaufungia kabatini. Dada akakunja aproni mara nne, kama inakwenda dukani, akaiweka juu ya cherehani yake, akaondoka.

Usiku ule sitaki hata kuusimulia.

Ijumaa nilifika mapema. Nilijiambia naenda kumsaidia Dada, lakini kusema kweli nilitaka kuiangalia ile video tena, peke yangu, nione uso wake. Nione kama ni uso wa mtu anayeiba. Nikafungua programu, nikashuka mpaka chini kabisa. Ya mwisho ilikuwa 217.

Sawa. Kama 216 ni Jumatano, 217 ni Alhamisi, siku ya msukosuko. Nikaifungua, maana nilitaka kuona pia sura yangu nilipoangalia simu. Jamani. Hakuna msukosuko. Hakuna mtu anayepekua gunia. Karakana imetulia, Mvuke anapiga pasi, na katikati ya chumba bibi harusi amesimama juu ya kibao, amevaa gauni lake, Dada amepiga magoti anabana pindo na pini mdomoni.

Yule bibi harusi alikuja kupima mara ya mwisho Jumanne. Nilikuwepo, nilimpiga picha, picha ipo kwenye simu na tarehe yake. Sasa Jumanne imefikaje kwenye Alhamisi?

Nikawaza mara moja: mtu amechezea rekodi. Mtu amebadilisha siku. Na nikageuka, nikamkuta Mvuke amesimama mlangoni, ana chupa yake ya maji, ananitazama.

Akaniuliza natafuta nini humo. Nikasema naangalia tu. Akasema haya mambo ya kamera aachiwe mwenye karakana, mimi nikae na vifungo vyangu. Kisha, nisikieni vizuri, akapita nyuma ya kaunta kana kwamba anatafuta kitambaa cha kufutia pasi, na TV ikazimika pu. Nilipochungulia, waya ulikuwa umechomoka. Akasema samahani, ameukwaa kwa mguu. Mvuke, ambaye kwa miaka sita amekuwa akipita hapo bila kukwaa hata uzi.

Nikachomeka tena. Nikaanza kumchunguza kwenye rekodi, na hapo nikaona jambo jingine la ajabu: Mvuke hakuwa na kichwa. Kila akisimama kwenye meza ya pasi picha inaishia mabegani. Na ukutani nyuma yake kuna saa kubwa ya duara, sote tunaitazama kila siku tukisubiri saa ya kula. Kwenye video saa hakuna.

Nikachukua kiti, nikakiweka chini ya kamera, nikapanda, nikainua simu mpaka jicho lake likawa sambamba na jicho la kamera. Nikapiga picha. Nikashuka, nikaiweka kando ya TV. Kwenye simu saa ipo, feni ipo, Mvuke ana kichwa, na kichwa kimenuna. Chini sakafu inaonekana mpaka kwenye kaunta. Kwenye TV, juu pamekatwa, chini pamekatwa.

Mjomba akaingia wakati huo, akanikuta na kiti mkononi. Nikamwambia kwa sauti ndogo, nikimchunga Mvuke kwa jicho, kwamba mtu ameikata picha yetu ya kamera.

"Nani aikate?" Mjomba akasema. "Hiyo nimeipanua mimi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza kwa fahari kabisa. Siku ya kwanza alipoifunga TV, picha ilikaa katikati na ukanda mweusi kila upande. Yeye akatoa futi shingoni akapima: ukanda mmoja inchi tano hafifu, na wa pili hivyohivyo. Fundi gani huyo anunue kitambaa cha inchi arobaini na tatu halafu akubali kumi ziende bure? Akashika rimoti, akabonyeza kitufe cha ukubwa wa picha, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ikajaa kioo chote. Akaridhika, akaipeleka rimoti nyumbani, na huko watoto wakaigeuza gari.

Nikamuuliza, alipoivuta ijae kwa upana, urefu ulikwenda wapi.

Mjomba ni mtu ambaye ukimletea kitambaa kifupi anakijua kwa kukigusa. Nilimwona anapiga hesabu kichwani, macho yanapanda juu ya TV, yanashuka chini. Akashika kioo ukingoni kama anashika pindo.

"Umekatwa," akasema.

Kile kioo cha zamani kilikuwa cha mraba, na kompyuta bado ilidhani inazungumza nacho. Inatoa picha ya mraba. TV ni ndefu ya kulala. Mjomba akaikuza ijae, basi juu na chini vikamwagika nje. Na orodha ya rekodi ilikuwa imejaa mpaka chini. Kwa hiyo ile tuliyoiita ya mwisho, ni ya mwisho kuonekana tu. Nyingine zilikuwa zimejificha chini ya ukingo.

Mvuke akasema kutoka kwenye pasi yake kwamba haya yote ni maneno ya mtandaoni, tukichezea setingi tutaharibu hata hicho kidogo kinachoonekana, na kwamba yeye kama angekuwa Mjomba asingeruhusu. Mjomba akamtazama muda mrefu kidogo. Halafu akaniambia nianze.

Kwanza nilijaribu upande wa kompyuta. Nikabofya pa kubadilisha ukubwa wa skrini, dirisha likafunguka, na kitufe cha kukubali kipo wapi? Kipo chini, kwenye ile sehemu iliyozama. Nilizamisha mshale nikabahatisha, nikabofya hewa, dirisha likafungika. Mara tatu. Mvuke akakohoa kicheko.

Basi nikatoa simu. Simu yangu ina kile kijitaa cha juu kinachoongea na TV kama rimoti, na watu wote wanaonicheka kwamba ninaishi ndani ya simu, hapo walinyamaza. Nikachagua aina ya TV, nikailenga, menyu ikatokea. Picha. Ukubwa. Ilikuwa imeandikwa Kuza. Nikashuka mpaka Halisi. Picha ikajikunja, pembeni ukanda mweusi ukarudi kushoto na kulia, na Mjomba akatoa sauti kama mtu aliyechomwa pini. Akasema nimemnyang'anya inchi zake. Nikamwambia avumilie, ninazirudisha kwa njia ya haki.

Sasa kitufe cha kukubali kilikuwa kinaonekana. Kompyuta ilisema 1024 kwa 768. Nikachagua 1920 kwa 1080, ndizo namba za ile TV, zimeandikwa kwenye kibandiko nyuma yake. Nikabofya. Kioo kikawa cheusi.

Cheusi kabisa. Sekunde moja, mbili, tatu. Nilimsikia Mvuke anasema, nilisema mimi. Nilimsikia Mjomba anapumua puani. Nilifikiria namna ya kumweleza Dada kwamba nimeua ushahidi kwa mikono yangu mwenyewe.

Halafu picha ikarudi, pana, imejaa kona hadi kona, herufi nyembamba kali kama zimenyooshwa kwa pasi. Swali likatokea, tubaki na ukubwa huu? Nikabofya ndiyo kabla halijaghairi. Chini kabisa, kwa mara ya kwanza tangu TV ihamie pale, tukaona ule mstari wenye saa na kitufe cha kuzimia. Mjomba akasema kumbe kompyuta ina saa.

Nikafungua orodha. 216. 217. 218. 219.

Nikafungua 216, ile ya Dada na bunda jeupe. Kwenye kona ya juu, pale palipokuwa pamekatwa, kulikuwa na tarehe. Jumatatu. Na chini, kando ya kaunta, mbele ya Dada anayetoka, kulikuwa na mkono umenyooka unamshikilia mlango. Mkono una futi limezungushwa kwenye kiganja. Mjomba akautazama ule mkono kwenye kioo, kisha akautazama wa kwake, uliokuwa na futi limezungushwa vilevile.

Tukafungua 218, Jumatano. Asubuhi gauni lipo kwenye bomba. Saa saba mchana Mvuke anatazama huku na huku, anatandika shuka chini ya meza ya pasi, anaingia, miguu tu ndiyo imebaki nje. Analala saa nzima na dakika kumi. Sote watatu tukaitazama ile miguu. Mvuke akasema joto la pasi humchosha. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri yake, waya na kila kitu. Nilijisikia mjinga, na bado sikumwamini mpaka mwisho wa rekodi.

Saa tisa anaingia mzee mmoja wa kwaya aliyekuwa ametuagiza suti tatu. Siku hiyo vumbi la barabara lilikuwa jingi, na tukaona, wazi kabisa, Mjomba mwenyewe akifunika nguo zote za bombani kwa ile mifuko ya bluu ya suti, moja baada ya nyingine, ili zisichafuke. Gauni pia. Kisha anapokea simu, anaibana kwa bega, anaongea, anacheka, na huku anatoa mifuko kwenye bomba. Moja, mbili, tatu. Nne. Hanga la gauni linabaki tupu, kwa sababu mfuko wake una hanga la ndani, na gauni lilishahamishiwa humo. Mzee wa kwaya anabeba zote, anaaga, anaondoka.

Mjomba aliirudisha hiyo sehemu mara mbili. Halafu akavua miwani.

Nilimpigia mzee wa kwaya mimi. Akasema suti hajazigusa, zimetundikwa kabatini zinasubiri Jumapili. Nikamwomba ahesabu. Akahesabu, akafungua, akacheka sana, akauliza nani kati ya waimbaji wake ndiye wa kuvaa hili lenye mkia. Mvuke akatumwa mbio kwenda kulichukua, na nadhani hajawahi kutumwa akakimbia vile.

Dada alikuja saa kumi. Mjomba alimwita kwa simu yake mwenyewe, maneno machache, sikuyasikia. Alimwonyesha rekodi zote mbili, akasimama nyuma ya kiti chake mikono mgongoni. Zilipoisha akafungua kabati, akatoa mkasi, akaushika upande wa makali, akamnyooshea upande wa kushikia.

Dada hakuupokea mara moja.

"Ningekata vibaya kitambaa cha mteja, Mjomba, ungeniuliza mara tatu ilikuwaje," akasema. "Kwa hili hukuniuliza hata mara mbili."

"Ni kweli, mwanangu," Mjomba akasema. "Nilipima nusu ya picha, nikakata."

Akabaki ameushika vilevile, kwa makali, mpaka Dada alipoupokea.

Jioni tukirudi nyumbani, Dada akanieleza mwenyewe, bila mimi kuuliza, kwamba zile simu za nje zilikuwa za mwanamke mmoja anayetaka ashonewe na yeye, si na Mjomba, naye alikuwa haoni namna ya kumkatalia. Na kile kipande cha lesi chini ya mto alikiokota kwenye gunia la vipande, akawa anakifanyia mazoezi ya kukata. Akasema alijua nimekiona, maana nilikirudisha kimegeuka.

Kisha akauliza.

"Hiyo TV uliitengeneza ili unitoe lawamani, au ili unione vizuri?"

Ningeweza kudanganya. Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni, mtamu kabisa. Nikamwambia nilitaka kumwona vizuri. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepimwa kiuno na kukuta namba ni ileile aliyoijua.

Jumamosi bibi harusi alichukua gauni lake na hakujua lolote. Mjomba bado anasumbuliwa na jambo moja: rekodi zenyewe za kamera ni za mraba, kwa hiyo ukizifungua zijae, ukanda mweusi unarudi kushoto na kulia. Nilimwona anaupima kwa futi, anaguna, anaandika namba kwa chaki ukutani. Lakini kitufe cha kukuza picha hajakigusa.

Mchana Dada akatandika kitambaa cha kwanza cha mteja juu ya meza. Sketi, kitu chepesi tu, Mjomba kakaa mbali anajifanya hatazami. Mimi nikainua simu, maana siku kama hii usipoipiga picha umefanya nini. Dada alikuwa amenipa mgongo, mkasi umeshafunguka.

"Weka hiyo simu," akasema bila kugeuka. "Njoo unishikie huku mwisho, kisicheze."

Nikailaza mezani kifudifudi. Nikashika kitambaa.